Tumbo Limekatwa, Mkono Haujakatwa: Mwongozo wa Kula na Kuishi Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Yai moja la kuchemsha lilinichukua dakika 25.

Ilikuwa wiki ya tano baada ya upasuaji, jikoni kwangu Donholm, kijiko cha mtoto mkononi na saa ya simu mbele ya sahani. Mimi huyu huyu nilikuwa mtu wa kununua mayai 3 kwa kijana wa toroli pale stejini na kuyamaliza pamoja na kachumbari yake kabla matatu haijajaa. Siku hiyo yai moja lilinishinda. Robo ikabaki, nikaifunika kwa kisahani kama mtu anayeweka akiba.

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayetoka hospitalini na karatasi ya maelekezo inayotaja brokoli na salmoni, ilhali nyumbani anasubiriwa na unga, sukuma na omena. Karatasi ya daktari wako ndiyo kubwa. Ikigongana na maneno yangu, fuata yake. Langu ni hili: daktari amekata tumbo, mkono hajaukata. Mkono bado unajua njia ya kwenda kwenye sufuria, kwenye sahani ya mandazi, kwenye njugu za kwenye foleni ya magari. Miezi 6 ya kwanza tumbo litakulinda. Baada ya hapo unabaki wewe na mkono wako.

Jua umefanyiwa upasuaji gani

Inashangaza ni wangapi hawajui. Aina zinazofanywa zaidi ni 2, na maisha yake hayafanani.

Ya kwanza ni slivu, ndiyo niliyofanyiwa mimi. Asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hukatwa na kutolewa kabisa, kikabaki kimfereji chenye umbo la ndizi kinachobeba mililita 100 hadi 150 hivi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, kwa hiyo majuma ya kwanza unaweza kusahau kula kabisa.

Ya pili ni baipasi. Sisi wa Nairobi neno hili halitupi shida: Southern Bypass inakutoa Mombasa Road hadi Kikuyu bila kuingia mjini. Ya tumboni ni hivyo hivyo. Daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha mililita 30 hivi, akakiunganisha na utumbo mwembamba, na chakula kikapita kando ya tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Ubaya ni kwamba pale mwanzoni mwa utumbo ndipo madini ya chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi. Basi mtu wa baipasi anategemea vidonge kuliko mtu wa slivu, na sukari humpiga vibaya zaidi.

Dalili za kukurudisha hospitalini usiku huo huo

Ziandike kwenye karatasi, uibandike kwenye friji kabla hujajifunza lolote kuhusu chakula: homa ya nyuzi 38 kwenda juu, moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umekaa tu, maumivu ya tumbo yanayozidi siku hadi siku, kupumua kwa shida, kutapika kusikokoma hata maji hayakai, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, choo cheusi kama lami.

Bega la kushoto lina mtego wake. Siku 2 au 3 za kwanza wengi huumwa mabega kwa sababu ya gesi waliyojazwa wakati wa upasuaji, na hiyo hupungua kadiri unavyotembea. Lakini bega likiuma pamoja na homa au moyo kwenda mbio, huenda mshono unavuja, na hilo halingoji asubuhi. Usimwache jirani akuambie ni gesi.

Wiki ya kwanza na ya pili: majimaji

Siku ya kwanza au mbili ni maji na supu ya mifupa iliyochujwa na kuenguliwa mafuta. Baadaye unaongeza maziwa, mala, yogati isiyo na vipande vya matunda, na uji mwepesi uliopita kwenye chujio. Kuhusu uji, tusidanganyane. Uji wa wimbi mtupu ni wanga, hauna protini ya kukufikisha popote. Upike kwa maziwa badala ya maji, na sukari uiache dukani.

Kazi yako kubwa wiki hizi ni maji. Watu wengi wanaorudishwa hospitalini mapema wanarudi kwa sababu wamekaukiwa. Unatafuta lita 1.5 kwa siku, na huwezi kugugumia. Mimi nilitumia kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye alama za mililita. Hesabu ni rahisi: ukiwa macho saa 15, lita 1.5 ni mililita 100 kila saa, yaani vikombe 10 vidogo vya mililita 10. Unapiga funda, unangoja, unapiga jingine. Inachosha kama kulea mtoto mchanga. Ukiona mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, umeachwa nyuma.

Usitumie mrija, maana unavuta hewa pamoja na kinywaji. Soda na maji yenye gesi yasahau; ile gesi haina pa kwenda.

Wiki ya tatu na ya nne: rojo

Hapa kila kitu ni laini kama chakula cha mtoto wa miezi 6. Ndengu zilizopondwa na kuchujwa maganda, maharagwe vivyo hivyo, samaki aliyesagwa na mchuzi wake, malenge, parachichi, yai laini lililovurugwa. Blenda inasaidia, lakini stima zikipotea usilale njaa: mwiko, chujio na mkono wenye subira ndivyo vilivyotulea sote.

Vijiko 3 au 4 vya chakula vinatosha mlo mmoja. Ukiona ni vichache mno na ukataka kuongeza, hayo ni macho yanayoona njaa. Tumbo limeshamaliza.

Wiki ya tano na kuendelea: chakula laini, halafu ugali

Sasa unaanza kutafuna: yai, samaki asiye na miiba, nyama ya kusaga yenye mchuzi, maini laini, maharagwe yaliyoiva yakapasuka, matoke. Ongeza chakula kipya kimoja tu kwa siku. Ukila vipya 3 kwa mkupuo na tumbo likakasirika, utamlaumu nani?

Kufikia wiki ya nane hivi wengi wanaruhusiwa chakula cha kawaida. Ndipo msiba wa ugali unapoanza.

Wangu ulitokea mwezi wa tatu, kwa shangazi yangu Githurai. Alikuwa amesonga ugali mgumu wa heshima, wa kumkaribisha mtu aliyetoka hospitalini. Nikamega tonge la ukubwa niliozoea miaka 40, nikalibonyeza kwa kidole gumba, nikachota sukuma, nikameza. Lilifika katikati ya kifua likakaa. Kwanza ni uzito, kama mtu amekuwekea ngumi pale chini ya mfupa wa kifua. Halafu kwikwi moja. Kisha mate yakaanza kujaa kinywani, mengi, mazito, meupe kama povu la sabuni, nami nimekaa katikati ya watu nikitabasamu na leso mdomoni. Nilifika msalani kwa bahati. "Wamekuharibu, mwanangu," shangazi akasema mlangoni, na kwa siku hiyo sikuwa na la kumjibu.

Ugali, chapati, mkate mweupe na wali mkavu vina tabia moja: vikitafunwa vinashikamana vikawa donge, na donge halipiti kwenye mfereji mwembamba. Sukuma nayo ina nyuzi, hasa ukiikata manene. Siyo kwamba vimeharamishwa. Anza na ugali laini, tonge la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, uwe wa mwisho kwenye sahani baada ya protini. Sukuma ikatwe nyembamba kama uzi na ipikwe hadi ilegee. Terere na managu ni rahisi zaidi kumeza. Chapati niliirudia mwezi wa saba: robo, iliyolowa mchuzi wa ndengu. Nyama ya choma ngumu ya mbuzi hadi leo naiogopa, ya kuchemsha naiweza.

Kikikwama, usisukume kwa maji. Maji yatakaa juu yake na kuongeza maumivu. Simama, tembea polepole, acha kula, ngoja. Kikikataa kushuka kwa saa kadhaa na hata mate yako huwezi kumeza, nenda hospitalini.

Namna ya kula

Hili ningelijifunza kabla ya upasuaji kama kungekuwa na mtu wa kuniambia. Anza mazoezi leo hata kama tarehe yako ni mwezi ujao.

Tumia kijiko cha chai na kisahani kidogo. Tafuna mara 20 hadi 30, hadi chakula kiwe rojo mdomoni. Weka kijiko chini kati ya tonge na tonge. Kiweke mezani, usikishike tu hewani kama mtu anayengoja zamu. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Ukizidi nusu saa umeacha kula, unachezea, na chakula kilichopoa ni rahisi kukipitiliza.

Shibe mpya haifanani na ya zamani. Ile ya zamani ilikuwa tumboni, nzito, ya kulegeza mshipi. Hii inakuja juu, kifuani, kama kubanwa kidogo. Wengine hupiga chafya, wengine pua huanza kutiririka, mimi napata kwikwi moja tu. Ukiipata ishara yako, acha hapo hapo. Kijiko kimoja cha ziada ndicho kinachokupeleka msalani. Na kwetu sisi tuliolelewa tukiambiwa kuna watoto wanaolala njaa, kuacha chakula kwenye sahani ni kazi kubwa kuliko kutafuna. Pakua kidogo ili usiwe na cha kuacha.

Usinywe wakati wa kula. Acha kunywa unapoanza mlo, kisha ngoja dakika 30 baada ya kumaliza. Kinywaji hujaza nafasi ya protini mwanzoni, na baadaye hukisukuma chakula kikashuka haraka na kukuacha na njaa. Hapo ndipo chai ya saa nne na mandazi yake ilipovunjika nyumbani kwangu: ni chai, au ni chakula, siyo vyote pamoja.

Sukari nayo ina adhabu yake, hasa kwa watu wa baipasi. Chakula chenye sukari nyingi kikiteremka ghafla utumboni, kati ya dakika 10 na 30 unatoka jasho, moyo unadunda, tumbo linasokota, unaharisha, unataka kulala sakafuni. Kuna sura ya pili inayokuja saa 1 hadi 3 baadaye, sukari ya damu inaposhuka: kutetemeka, kizunguzungu, njaa ya ghafla. Nina rafiki wa baipasi ambaye soda moja ya harusini ilimlaza ndani ya gari mpaka keki ikakatwa bila yeye.

Protini kwanza, na hesabu yake ya sokoni

Lengo la wengi ni gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku. Ukikosa, mwili unakula misuli yako badala ya mafuta.

Yai moja lina gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Gramu 30 za kuku, nyama au samaki aliyepikwa, kipande cha vidole viwili, zina 7 hivi. Nusu kikombe cha ndengu zilizopikwa, 7. Sasa tupige siku yangu ya mwezi wa tatu: saa moja asubuhi yai, saa nne glasi ndogo ya mala, saa saba mchana samaki gramu 60, saa moja jioni nyama ya kusaga gramu 60. Jumla ni gramu 40 na kidogo. Nilikuwa nimekula siku nzima, nimeshiba kila mara, na bado nina deni la gramu 20. Ndiyo maana miezi ya mwanzo wengi huhitaji unga wa protini. Soma kibandiko cha kopo: tafuta gramu za protini kwa kila kijiko na uangalie sukari, maana mengine ni peremende iliyosagwa. Mfuko ukibana, gramu 30 za maziwa ya unga yasiyo na mafuta ndani ya glasi ya maziwa huongeza gramu 10 hivi. Maziwa yakianza kukuletea gesi na kuharisha, jambo linalotokea sana baada ya upasuaji, jaribu mala. Wengi huivumilia vizuri zaidi.

Omena usiidharau. Ni protini, na kwa kuwa unaila na mifupa yake unapata na kalsiamu. Iloweke vizuri, toa vichwa, uipike na nyanya hadi iwe laini. Ile ya kukaangwa ikauka itakukwaruza.

Vidonge vya maisha yote, na ugomvi wao na chai

Viweke kwenye bajeti karibu na kodi ya nyumba, kwa sababu havina siku ya mwisho. Kwa kawaida ni vitamini mchanganyiko kila siku, kalsiamu miligramu 1200 hadi 1500, vitamini D, vitamini B12 ya vidonge au sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, na madini ya chuma. Mwanamke anayepata hedhi huhitaji chuma zaidi, miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Kipimo chako kitatoka kwa daktari baada ya damu yako kupimwa.

Kalsiamu mwili haupokei nyingi kwa mara moja, basi igawanye miligramu 500 au 600 kila mara, na utafute ya sitreti ambayo haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Chuma na kalsiamu hugombana: viachanishe kwa saa 2 au zaidi. Na chai, mama yetu sote, huzuia chuma kufyonzwa. Mimi nilikuwa nameza kidonge cha chuma kwa chai ya maziwa kila asubuhi, miezi 4, nikishangaa mbona damu haipandi. Sasa chuma nakimeza alfajiri kwa maji na kipande cha chungwa, chai inangoja saa 2, kalsiamu mchana na usiku.

Ukitapika siku kadhaa mfululizo, pigia daktari simu hata kama unajisikia unaweza kuvumilia. Mwili huishiwa vitamini B1 haraka, na upungufu wake hugusa ubongo: macho kuona mara mbili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura.

Dawa nyingine

Kama una kisukari, sukari inaweza kushuka siku chache tu baada ya upasuaji, kabla kilo hazijapungua za kuonekana. Insulini ya jana inaweza kuwa nyingi mno leo. Pima mara kwa mara na dozi ipunguzwe na daktari, usijipunguzie. Dawa za presha ni vivyo hivyo. Kizunguzungu ukisimama ni ujumbe.

Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huleta vidonda, na kwa mtu wa baipasi ni hatari kubwa. Parasetamoli ndiyo ya kukimbilia. Kwenye duka moja la dawa nilipewa diklofenaki ya mgongo nikiwa nimeshaeleza nimefanyiwa nini, muuzaji alinijibu kuwa "hii haina shida." Sasa nasoma kila boksi mwenyewe, na zile dawa za kichwa za dukani nazo, kwa maana kadhaa zimechanganywa na aspirini. Vidonge vikubwa uliza kama vinaweza kusagwa au kama kuna dawa ya maji. Vile vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole havisagwi.

Kwenye meza za watu

Hapa karatasi ya hospitali inanyamaza, na hapa ndipo watu wa kwetu wanaposhindwa. Kwetu mgeni asiyekula amekataa watu, hajakataa chakula.

Amua mapema nani ataambiwa. Mume au mke, mtu anayepika nyumbani, na mfanyakazi mwenzako mmoja anayeaminika, hao lazima. Wengine si lazima, lakini jiandae na swali lao. Ukipungua kilo 20 kwa miezi michache katika mji huu, nusu ya watu watakupongeza na nusu watanong'ona kuwa una ule ugonjwa. Mama mmoja wa chama chetu alinishika mkono baada ya mkutano akaniambia kwa huruma kuwa dawa siku hizi ni za bure. Nilicheka hadi machozi, halafu nikalia kweli. Baada ya hapo nikachagua jibu moja na kulirudia kwa kila mtu: "Nilikuwa na shida ya tumbo, nikafanyiwa upasuaji, namshukuru Mungu nimepona." Halina uongo ndani yake, na linaeleza kilo na sahani ndogo kwa pamoja.

Kwa wakwe mbinu ni kujipakulia mwenyewe. Ukimwachia mama mkwe akupakulie, utapewa mlima, na mlima ni mapenzi. Nenda jikoni usaidie kupakua, jichukulie sahani ya chai, tandaza chakula kionekane kingi, kaa karibu na watoto. Mara ya kwanza mama aliona.

"Umeshiba na nini, na hujala?"

"Mama, nimekula. Tumbo langu siku hizi ni la kuku. Nifungie nyingine niende nayo nyumbani."

Hiyo "nifungie" ni dhahabu. Anayekufungia chakula hajakataliwa, na wewe una mlo wa siku 2.

Nyama choma huagizwa kwa kilo na watu hula kwa pamoja, kwa hiyo hakuna anayehesabu vipande vyako. Shika mfupa, zungumza sana, tafuna polepole. Kibandani omba ndengu nusu bila chapati, au supu na yai. Pombe ni habari nyingine. Baada ya upasuaji, hasa baipasi, inafika kwenye damu haraka na kwa nguvu, na chupa moja inaweza kukufanya kama 3 za zamani. Wapo waliokuwa wakijiliwaza kwa chakula ambao, chakula kilipozuiwa, waliingia kwenye pombe. Mwaka wa kwanza iache. Ukiona unaitamani kwa namna ambayo haikuwepo awali, zungumza na mshauri nasaha mapema.

Kuhusu kufunga, kwa Ramadhani au kwa yale maombi ya Januari makanisani: saa 12 au zaidi bila maji hazipatani na mtu anayehitaji kunywa kila dakika chache. Mwaka wa kwanza usifunge, na baadaye uliza daktari kwanza, kisha mchungaji au imamu.

Mwezi wa sita: mkono unarudi

Njaa hurudi taratibu, na tumbo hupokea zaidi. Hilo ni kawaida. Tatizo ni kwamba vyakula vinavyopita kwa urahisi kabisa ndivyo vibaya: krispi, biskuti, aiskrimu, mandazi yaliyochovywa kwenye chai. Kuku atakujaza kwa vipande 3, ila pakiti nzima ya krispi itayeyuka na kuteremka bila kugonga mlango. Nilijikamata mwezi wa nane. Sikuwa nikila milo mikubwa hata kidogo, lakini nikishuka jioni stejini mkono ulikuwa unanunua: kipande cha mutura, ile soseji ya utumbo ya kuchoma, njugu za shilingi 20, kahawa ya maziwa. Kilo zikasimama.

Nilichofanya: nilibadilisha njia ya kutoka stejini ili nisipite kwa mtu wa mutura, maana harufu ile haibishani na mtu. Nikaweka saa za kula, milo 3 na kitafunio 1 cha protini, na katikati ni maji tu. Nikaandika wiki 2 kila kinachoingia mdomoni kwenye daftari la hesabu za duka. Daftari lilinionyesha kuwa nanunua siku za hasira ya kazini, na siku hizo sasa nampigia dada yangu simu kabla sijashuka kwenye gari.

Jua pia kuwa uzito hupungua zaidi katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza, kisha hutulia, na kilo chache hurudi kwa watu wengi. Mizani kusimama wiki 3 haina maana kwamba upasuaji umeharibika. Jipime mara moja kwa wiki, siku ile ile.

Mwili nao una maneno yake

Nywele hukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kwa mafungu, kwenye kitana na kwenye mto. Ni mshtuko wa upasuaji na kupungua haraka. Kwa kawaida huota tena ukishika protini na chuma. Suka mistari mepesi, usivute.

Choo kitakuwa kigumu na cha siku kadhaa, kwa sababu unakula kidogo na chuma kinakausha. Maji, papai, na dawa ya kulainisha ukiruhusiwa. Maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu baada ya kula yanaweza kuwa vijiwe vya nyongo, ambavyo hupenda watu wanaopungua kwa kasi.

Tembea tangu siku ile ile ya upasuaji, kwanza wodini, baadaye Arboretum au Karura, hata ngazi za daraja la Thika Road zinahesabika. Usinyanyue mizigo mizito wiki 4 hadi 6. Kwa mtaa wenye mgao wa maji hii ni sheria ngumu: jerikeni la lita 20 ni kilo 20, na mtungi wa gesi wa kilo 13, ukihesabu na chuma chake, unapita 25. Lipa kijana abebe.

Nguo usinunue mpya. Nenda kwenye mitumba ya Toi au Gikomba, nunua chache, maana baada ya miezi 2 hazitakutosha tena. Ngozi italegea, ikaushe vizuri kwenye mikunjo isiote upele.

Na dada zangu, mimba. Uzito ukipungua hedhi hujirekebisha na uzazi huongezeka, hata kwa aliyekata tamaa. Madaktari hushauri kungoja miezi 12 hadi 18. Vidonge vya kupanga uzazi haviaminiki sana baada ya baipasi, kwa hiyo ulizia sindano, kipandikizi au koili kabla hujatoka hospitalini.

Vipimo

Damu hupimwa mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka hata ukijisikia mzima kama kengele: wingi wa damu, chuma, B12, vitamini D, kalsiamu, sukari, figo na ini. Majibu yaweke kwenye faili moja, kwa sababu utabadilisha daktari siku moja na mpya ataanza kwa kuuliza yaliyopita. Mimi ndani ya pochi nina kadi niliyoandika kwa mkono: aina ya upasuaji, tarehe, "asipewe diklofenaki wala aspirini", na namba ya simu ya mume wangu. Niliifunga kwa selotepu isilowe.